Fundi Miguu Anaondoka, Shangazi Amepona

Binti yangu anastaafu! Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu anafunga mlango wa karakana, anakabidhi funguo na kurudi nyumbani akiwa mzima, mashine ikiwa nzima, na ile kompyuta iliyotaka kututoa roho sote ikiwa imepona. Haya, hilo limenitoka, sasa tusalimiane. Hamjambo wasomaji wa jarida letu? Mimi sijambo, na leo sijambo kuliko siku zote.

Miaka thelathini na sita. Msipite hapo harakaharaka. Miaka thelathini na sita mtu mmoja, katika karakana moja ya viungo bandia, hospitali hiihii, akiwatengenezea wenzake miguu ya kusimamia. Wengi wenu mnamwita Fundi Miguu, na wapo ambao jina lake halisi hawalijui hadi leo. Mimi nalijua kwa sababu nilimpa mimi.

Mhariri alimwomba msimamizi wa karakana aandike wasifu huu. Msimamizi akacheka. "Niandike nini ambacho mama yake hajakwisha kukisema kwenye foleni ya dawa?" Basi karatasi ikaletwa kwangu. Shule yangu ni ya darasa la nne, lakini nilifanya kazi hapahapa kwenye chumba cha kufulia mpaka nikastaafu, kwa hiyo mimi ni mfanyakazi mwenzake pia. Nitaandika kama ninavyosema. Anayetaka Kiswahili cha kuvaa tai asubiri hotuba ya mkurugenzi.

Fundi Miguu alianza kazi akiwa msichana mwembamba wa kupiga msasa. Wakati ule kila kitu kilikuwa cha mkono. Kigutu cha mgonjwa, yaani sehemu ya mguu iliyobaki, kilizungushiwa bandeji ya plasta, ikikauka inavuliwa, ndani yake inamiminwa plasta nyingine, na umbo lile linakwanguliwa kwa tupa mpaka liwe sawa. Koti lake nilikuwa nalitambua katikati ya rundo zima la makoti ya wauguzi, maana likiingia majini linakuwa jiwe. Siku moja mashine yetu ya kufulia iliziba. Fundi bomba akaja, akachomoa kitu kama uji uliogandia sufuriani, akaniuliza, "Mama, humu mnafua au mnajenga?" Nikamwambia aangalie mdomo wake, hilo ni jasho la binti yangu.

Mguu wake wa kwanza aliutengeneza kwa ajili ya mwashi mmoja aliyeangukiwa na ukuta. Mwashi alisimama, akapiga hatua, akalia, binti yangu naye akalia, msimamizi wa siku hizo akatoa kitambaa chake. Walipotulia ikaja zamu ya kuvaa kiatu. Kiatu kikagoma. Ndipo wote watatu wakatazama chini na kuona kwamba mguu wa kulia wa mwashi umewekewa unyayo wa kushoto. Ulirekebishwa siku hiyohiyo, lakini mwashi hajausahau mpaka leo. Kila akipita kupima mikanda ya mguu wake husimama mlangoni na kupaza sauti, "Fundi, leo tunavaa upande gani?"

Baadaye ikaja mashine ya kuchonga, na pamoja nayo ikaja kompyuta ya kuiendesha. Sasa kigutu kinapimwa, vipimo vinaingia kwenye kompyuta, mashine inachonga umbo lake kwenye gogo la sponji ngumu, na plastiki ya moto inavutwa juu yake kuwa kikombe cha kuvalia. Kazi iliyokuwa inakula siku kadhaa ikawa ya asubuhi moja. Binti yangu ndiye aliyepelekwa kusomea mashine ile, na aliporudi alitembea kwa namna ambayo hata mimi mama yake nilimpisha njia.

Karakana nzima iliiita kompyuta ile Shangazi. Ilikuwa inamjua kila mtu na vipimo vyake, haipendi kuharakishwa, na ukiikosea inakununia. Asubuhi ikiwashwa, watu walikuwa wanabandika chai, na Shangazi akimaliza kuamka chai nayo imeiva. Ndani ya chumba kile neno "haraka" lilikuwa marufuku. Aliyelitamka alitolewa nje, hata msimamizi aliwahi kutolewa.

Sasa tafakarini. Kama ni shangazi yake binti yangu, basi ni wifi yangu. Na alinitenda kama mawifi wanavyotenda. Alimchelewesha binti yangu kurudi nyumbani. Alimfanya ainuke katikati ya chakula, "Mama, nimesahau kumfunika Shangazi." Alinichukulia hata kitambaa changu cha maua, nilichokishona mwenyewe kwa ajili ya televisheni yangu, akawa anajifunika yeye kukinga vumbi la sponji. Televisheni yangu ikabaki uchi.

Na Shangazi alikuwa na kituko kimoja ambacho lazima nikieleze hapa, maana ndicho kilichokuja kutupa kiwewe. Hakujua mwaka. Betri yake ndogo ya ndani, ile inayotunza saa na tarehe, ilikufa zamani. Umeme ukikatika, yeye anarudi kwenye mwaka ule alioletwa. Mwanzoni walikuwa wanamsahihisha. Umeme ukazidi kukatika, wakachoka, wakamwacha aishi katika mwaka wake. Fundi Miguu akazoea kuandika tarehe ya kweli kwa kalamu ya wino mzito ndani ya kikombe cha kila mguu, mahali ambapo haifutiki, na karakana ikasonga mbele. Walilizoea jambo lile mpaka wakaacha kuliona.

Mwaka huu, binti yangu akihesabu miezi iliyobaki apumzike, likaja tangazo kutoka ofisi ya kompyuta. Waliotengeneza mfumo endeshi wa Shangazi walikuwa wameshaacha kuushughulikia, na kila kompyuta yenye mfumo huo ibadilishiwe, la sivyo itatolewa kwenye mtandao wa hospitali. Mfumo endeshi, kwa jinsi nilivyoelezwa, ni kama mama mwenye nyumba. Ndiye anayejua kila kitu kimewekwa wapi, nani aingie ndani na nani asubiri barazani. Ukibadilisha mama mwenye nyumba, huenda nyumba ikapendeza. Huenda pia akafika mgeni asijue chumvi iko wapi.

Hapo ndipo palipokuwa na mtihani. Mashine ya kuchonga ilikuwa imezoeana na mfumo ule wa zamani. Ukibadilishwa, mashine ingeweza kukataa kumtambua mwenyeji mpya, na ikikataa, karakana inarudi kwenye tupa na plasta huku foleni ya watu imefika getini. Usipobadilishwa, Shangazi angezeeka peke yake mpaka siku azime moja kwa moja, na vipimo vyote vya watu vife naye. Mtaalamu wa kompyuta aliyetumwa kushughulikia jambo hili ni mwanamume mtaratibu, mwenye miwani minene. Karakana ilimpa jina la Bwana Bado, kwa sababu kila ukimuuliza kama jambo liko tayari anajibu "bado". Huyo Bwana Bado naye alisema ukweli wake bila kuuremba. "Fundi, siwezi kukuapia kwamba mashine itakubali. Na siwezi kukuapia kwamba huyu atafika mwakani. Uamuzi ni wako, wewe ndiye unayemjua."

Msimamizi akaongeza lake, na hili ndilo lililonikata maini. Akasema kama jambo hili halijaamuliwa, basi Fundi Miguu aongezewe mkataba, abaki na Shangazi mpaka litakapotengemaa. Mpaka litakapotengemaa! Nikaona wifi yangu huyoo, ananichukua mwanangu hata uzeeni.

Binti yangu alikwenda nalo jambo lile wiki nyingi. Leo anasema "tubadilishe", kesho anasema "tumwache mzee wa watu apumzike". Halafu Shangazi akaamua kumsaidia kufikiri. Alikuwa anachongewa msichana mmoja wa shule, mcheza netiboli. Amerefuka ghafla kama watoto wa umri huo wanavyorefuka, kile kikombe cha zamani kikawa kinambana, na mashindano ya shule yako mlangoni. Katikati ya kuchonga, Shangazi akaganda. Kioo kikawa cha buluu, mashine ikasimama na kisu chake hewani, gogo limeumbika nusu tu. Msichana alikuwa amekaa pale kwenye benchi, kiatu cha michezo mkononi. Akauliza, "Fundi, amekufa?" Binti yangu akamjibu, "Hajafa, amenuna." Ilibidi kuzima, kusubiri, kuwasha, kubandika chai ya pili. Shangazi akaamka, kazi ikaanza upya, msichana akapata mguu wake.

Jioni ile binti yangu alirudi nyumbani akasogeza sahani pembeni. Nikamuuliza, akanieleza yote. Nikamwambia, "Hebu niambie, unaogopa nini hasa?"

"Mama, naogopa nikimgusa, afe mikononi mwangu. Miaka yote hii, halafu watu wanikumbuke kwa hilo."

"Na usipomgusa, akafa wewe ukiwa hapa nyumbani unamenya viazi na mimi?"

Akaizungusha sahani kwa kidole. Nikaendelea:

"Wewe kutengeneza mguu kwa tupa na plasta umesahau?"

"Siwezi kusahau."

"Anayekuja baada yako anajua?"

"Anajua kidogo. Amekuja mashine zikiwa tayari zipo."

"Basi kama ni kuharibika, na kuharibike wewe ukiwepo, mwanangu. Ukishaondoka, nani atawashika watu wale mkono?"

Akavuta sahani yake akaanza kula. Nikajua amekata kauli. Mimi sijui kompyuta, na siku ile sikuijua zaidi. Namjua tu niliyemzaa: hajawahi kuacha kazi mbovu mezani akaenda kulala.

Ikapangwa mwisho wa wiki, karakana ikiwa imefungwa kwa wagonjwa. Bwana Bado alinakili kwanza kila alichokuwa nacho Shangazi, akakitunza pembeni, na ile diski ya zamani akaichomoa, akaifunga kwa kitambaa na kumkabidhi binti yangu kama anakabidhi kitoto kichanga. Betri ikabadilishwa. Mfumo mpya ukaingizwa. Wakaunganisha mashine ya kuchonga. Kimya. Mashine ilikaa kama mgeni asiyekaribishwa. Bwana Bado akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akajaribu tena. Kimya. Binti yangu akamsogelea. Akauliza, "Tayari?" Bwana Bado akajibu, "Bado." Akauliza tena, akajibiwa vilevile. Yule mtu alikaa sakafuni na nyaya zake, akatafuta programu ya kuwaunganisha wale wawili, akakosa, akaandikia waliotengeneza mashine, akaletewa, akaiweka. Halafu kisu kikasogea. Kikagusa gogo. Vumbi la sponji likaruka, jeupe, likamwangukia Bwana Bado kichwani, naye akatamka neno ambalo karakana ilikuwa haijawahi kulisikia kutoka kwake: "Tayari."

Jumamosi ile binti yangu alirudi nyumbani akiimba. Akalala Jumapili nzima.

Jumatatu nikamwambia nataka kwenda naye, nikamjulie hali wifi yangu baada ya upasuaji. Tulipokata kona ya hospitali tulisimama. Barabara imejaa. Getini watu, kwenye veranda watu, chini ya dirisha la karakana watu, na kila mmoja ana mguu wa binti yangu. Askari wa getini alitukimbilia. "Fundi, mmefanya nini? Wanasema wameitwa!" Mwanamke mmoja akatuonyesha simu yake. Ujumbe ulikuwa unasema: "Mguu wako umepitwa na muda wake. Fika karakana Jumatatu asubuhi bila kukosa."

Mnaona kilichotokea? Shangazi, kwa betri yake mpya na mtandao wake mpya, alikuwa ameijua tarehe ya leo kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Programu ya karakana ina desturi ya kumwita kwa ujumbe wa simu kila mtu ambaye mguu wake umepita muda. Zamani haikumwita mtu, maana katika mwaka wa Shangazi kila mguu ulikuwa mpya. Sasa akafungua macho, akatazama vipimo vyote, akaona kila mguu ni wa kale, akawaita wote kwa mpigo. Bwana Bado hakuambiwa kamwe juu ya mwaka wa Shangazi. Nani angemwambia? Hakuna aliyekumbuka kwamba lile ni jambo la kuambiwa.

Msimamizi alikuwa ameshika kichwa. Binti yangu alipita katikati ya watu, akaingia ndani, akakaa mbele ya Shangazi. Nilimfuata. Alidhani vipimo vimevurugika vyote, na kwamba kazi ya maisha yake imekuwa mchanga. Akafungua jina la kwanza, la mwashi. Vipimo sawa. La mwanamke wa simu, sawa. La msichana wa netiboli, sawa. Akaendelea kufungua, kila alilofungua ni sawa, kilichokosewa ni mwaka tu. Hapo mabega yake yakashuka. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akalaza kichwa juu ya meza.

Nje mwashi naye alikuwa hanyamazi. "Nimeambiwa wangu umeoza! Hebu msikilizeni mguu uliooza!" Akaupiga teke ukuta wa karakana, ukuta ukatoa mlio. "Ukuta wenu ndio umeoza!"

Binti yangu akatoka akasimama mlangoni. "Jamani, mmeitwa kwa makosa. Hakuna mguu uliooza. Lakini maadamu mmekuja, kaeni, mvue." Kwa sababu alishaona dawa ilipo. Tarehe za kweli Shangazi hakuwa nazo. Zilikuwa ndani ya vikombe, kwa mwandiko wa binti yangu, na watu walikuwa wamezileta zote mpaka mlangoni kwa miguu yao.

Hebu ichoreni akilini veranda ile: watu wamekaa mabenchini wakipiga soga, miguu imepangwa ukutani kama viatu mbele ya nyumba ya sherehe, na mwashi anawaonya watu, "Msichanganye! Wangu ni wa kulia, tulishapata shida!" Atakayemrithi binti yangu ni fundi wa chumba cha kufunga plasta za mifupa iliyovunjika, mama wa watoto watatu, mkono mzuri, mwoga kidogo wa watu. Yeye alikaa kwenye Shangazi, binti yangu anausoma mguu na kumtajia tarehe, yeye anaandika. Na kila mguu ulikuja na mwenye nao. "Huyu kigutu chake huvimba wakati wa joto, usimkaze. Huyu hakwambii akiumia, mtazame usoni. Huyu atakwambia anaumia hata kabla hujamgusa." "Fundi, nipo hapahapa nakusikia!" "Sikia tu, ni kweli." Kazi ya kumkabidhi mwenzake watu wake wote, ambayo alikuwa hajui ataianzia wapi, ikaisha siku ile. Wapo pia waliokutwa mikanda imechakaa kabisa, waliokuwa wanaona haya kuja kusumbua. Wakapimwa palepale, na Shangazi mpya akachonga mbele yao bila kununa.

Mimi nilikaa kitini nikatazama. Siku zote nasema binti yangu amewasimamisha watu wengi, na najua mnasema huyu mama anatia chumvi. Siku ile niliwaona wote kwa macho yangu, mahali pamoja, wamesimama. Naomba niwaambie kwamba nilikuwa natia chumvi kidogo mno.

Mkataba wa kuongezewa muda ulichanwa jioni ile na msimamizi mwenyewe, akicheka. Shangazi naye nimemsamehe. Nimemshonea kitambaa kipya, cha maua makubwa zaidi, na cha kwangu nimekirudisha nyumbani kwenye televisheni.

Kwa niaba ya karakana, chumba cha kufulia na kila aliyevaa kazi ya mikono yake, nasema asante, Fundi Miguu. Asante kwa plasta iliyotuzibia mabomba, kwa uvumilivu, na kwa kuamua ukiwa bado upo. Asante pia Bwana Bado. Mwanangu, pumzika sasa. Lala mpaka jua likuchoke, kula chakula chako kikiwa cha moto, na mikono yako isishike tupa tena isipokuwa mimi nikiwa na mlango unaokwaruza. Afya ikukae, raha ikuzoee.

Na ninyi nyote, safari hii anayewaita si kompyuta, ni mimi mama yake, na sijakosea mwaka. Karakana inafungwa Ijumaa jioni. Kesho yake saa nne asubuhi, kwenye veranda ileile, tunamuaga. Waliokuja siku ile na ambao hawakupata nafasi ya kukaa, waje. Msichana wa netiboli atakuwepo, ameshaahidi kuja na kombe. Mwashi aje na upande wowote autakao. Mabenchi yameongezwa. Jumamosi.